Ijumaa Saa Nne, Simu ya Mama Trevor

Baada ya miaka kumi na sita katika idara ya dobi ya hoteli yetu hapa West Bay, Bi. Millicent Akinyi, Mama Trevor kwa wote wanaomjua, anastaafu Alhamisi, tarehe 28 Februari 2019. Alianza mwaka 2003 akikunja taulo. Anaondoka akiwa msimamizi wa zamu. Mimi Omari, niliyesimama naye kwenye pasi miaka kumi na mmoja, nimerudishiwa naye shuka zenye madoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Wengi hawajui kazi yake nyingine. Kila Ijumaa saa nne asubuhi, wakati wa chai, aliwapigia simu Wakristo wenzake kutoka Kenya wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi hii ya Kiarabu, wasiopata siku ya kwenda kanisani. Kila mmoja dakika chache: zaburi, sala, kwaheri. Wao hawakujibu, waajiri wasije wakasikia. Simu ilibanwa chini ya mtandio, mikono ikiwa kazini, na alichosikia yeye ni maji ya bomba na sufuria. Mimi nilimshikia pasi saa hiyo, naye akanishikia yangu nilipokwenda msikitini adhuhuri.

Aliyemsumbua zaidi ni Nasimiyu, aliyefanya kazi kwenye nyumba moja huko Umm Salal, nje ya mji. Walikutana mara moja tu, kwenye ndege ya kutoka Nairobi mwaka 2008. Tangu hapo alimwombea kila wiki, yeye na mwanawe Kevin, wakati huo darasa la nne, afaulu mtihani wa darasa la nane atakapoufikia. Miaka minne, hata kikohozi hakusikia. Tulimtania kwamba analisomea friji zaburi. Alicheka, lakini ilimuuma. Mwaka 2012 alituambia amechoka, haoni faida yake, na Ijumaa ile akamwambia Nasimiyu waziwazi kuwa hatapiga tena.

Ndipo sauti ikanong'ona: "Mama, usikate. Mimi si Nasimiyu, ni Jebet. Nasimiyu alirudi Kimilili mwaka juzi, akaniachia kazi na hii line ya simu. Aliniambia nikipoteza kila kitu, hii nisipoteze. Ijumaa saa nne nishike, nisiongee."

Mama Trevor aliketi juu ya kikapu cha shuka akalia, kisha akacheka mpaka tukaingiwa na wasiwasi. Miaka miwili mizima alikuwa akimsomea Jebet sala ili mwanawe afaulu mtihani, na Jebet hana mtoto.

Ijumaa iliyofuata Jebet alinyamaza kama kawaida. Mama Trevor akapiga, na akaendelea kupiga miaka saba mingine, kwa kile kichwa chake kigumu ambacho sote tumeshakutana nacho. Kanisani kwake walimuuliza amewafikia wangapi. Alisema hajui, akawahi basi la zamu.

Jebet alimaliza mkataba, akarudi kwao, na tangu 2016 yuko nasi hapa dobi. Line ya Umm Salal alimwachia aliyemfuata, ambaye hatujapata kusikia sauti yake. Sasa Mama Trevor naye anamwachia Jebet line yake na daftari la namba.

Anarudi Siaya. Ameomba apigiwe kila Ijumaa kama wengine, na ameahidi kusikiliza bila kusema neno. Ahadi hiyo sisi wa dobi hatuiamini hata kidogo.

Asante, Mama Trevor. Tutakukosa sana. Nenda salama, ukapumzike na wajukuu. Siku inayofuata kuondoka kwako ni Ijumaa, na saa nne simu ya Umm Salal itaita.