Annet Apendi, Aliyerudisha Matokeo Nyumbani

Padri, ukoo wa Okurut mnaotupokea leo, waombolezaji kutoka Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, na ninyi wachimbaji wa dhahabu wa Tiira ninaowaona pale nyuma, mimi ni Herbert Othieno, ninayemfuata marehemu kuzaliwa, na familia imenichagua kusoma kwa sababu wanasema nina sauti, ingawa leo sina hakika nayo.

Marehemu dada yetu Annet Apendi alizaliwa tarehe 14 Machi 1988, Nabuyoga, wilaya ya Tororo, mtoto wa tatu wa mzee Bartholomew Othieno, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, sekondari Tororo mjini, kisha akaenda Kampala alikopata shahada ya kilimo mwaka 2012. Tangu utoto alikuwa mtu wa maswali, jamani, aliuliza mpaka mama akawa anamtuma kuteka maji ili nyumba ipumzike.

Mwaka 2013 aliajiriwa kuwa afisa kilimo Busia, na huko ndiko Jovan Okurut, fundi wa pikipiki, alipomwona na kusahau spana zake, wakafunga ndoa tarehe 20 Desemba 2014, Mungu akawajalia Atai na Obore, hawa waliokaa hapa mbele, nami nawaambia wapwa zangu, mama yenu hakuwa mtu mdogo.

Katika kazi hiyo aliona jambo lililomuudhi sana. Wanafunzi wa vyuo walikuja kutoka mbali, wakawauliza wakulima kuhusu mvua na ukame, wakaondoka na majibu, wakapata shahada zao, na hapa hakurudi hata mmoja kutuambia aligundua nini. Annet akasema anataka kitu kimoja tu, watoto wa hapa wafadhiliwe kutafiti tabianchi ya kwao, pamoja na watu wa kwao, na matokeo yasomwe nyumbani kabla hayajafika chuoni.

Agosti 2018 alipata ufadhili wa kusoma uzamili, katika mpango wa kutafiti pamoja na wananchi, akaja Tiira, akazika ardhini mabomba membamba ya kupima unyevu wa udongo, akamweleza mwenyekiti wa kijiji peke yake, basi. Kila wiki watu wakamwona anainama, anachungulia shimoni, anatabasamu, anaondoka. Sasa niulizeni, Tiira, mtu mzima akitabasamu juu ya shimo, watu watafikiri nini? Aprili 2019 alikuta mabomba yote yameng'olewa na mashimo yamechimbwa kila upande, maana habari ilikuwa imeenea kwamba madam amepata dhahabu.

Alilia, sitawaficha, maana wafadhili walisema kama wananchi wenyewe wanang'oa vipimo basi mpango huo wa kutafiti pamoja nao ufungwe, yeye na wanafunzi wengine warudi makwao. Lakini alipanguza machozi, akaitisha mkutano pale pale kwenye mashimo, na Odwori, aliyekuwa amechimba kuliko wote, akasimama na kumwuliza, "Madam, kama hii kitu si dhahabu, mbona weye nakuja kila wiki nafurahi?" Annet akacheka mpaka akakaa chini, akaomba radhi kwa kutowaeleza, kisha akawaonyesha jinsi udongo uliofunikwa nyasi unavyoshika maji mvua inapokatika. Odwori akasema kumbe tungeambiwa tungelinda, na kweli wakayarudisha mabomba kwa mikono yao, wakawa ndio wapimaji.

Novemba 2019 wafadhili walituma watu wawili waje kuamua, na aliyewapokea hakuwa Annet, walikuwa ni wachimbaji, wakiwatembeza kwenye mashamba yaliyofunikwa nyasi ambayo maharagwe yake yalikuwa yamesimama wakati ya jirani yamenyauka. Tulishinda! Mpango haukufungwa, uliongezwa, na sharti la Annet likaingizwa humo, kwamba matokeo yasomwe kwanza mbele ya wananchi. Yeye alihitimu Mei 2022, na wanafunzi sita wamefuata njia hiyo hiyo, wa mwisho wao ni Phiona, binti kutoka kijiji cha Sop Sop, anayetafiti visima vinavyokauka.

Februari 2024 Annet aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Tororo na Kampala, akapigana, na hata nywele zilipokwisha alikuwa akimsahihishia Phiona kazi akiwa kitandani. Mkutano wa Phiona wa kuwasomea wananchi matokeo ulipangwa kuwa leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, na awamu ya mpango inaisha mwezi huu, kwa hiyo usipofanyika, awamu mpya haitafunguliwa na wanafunzi wanne wanaongoja hawataanza masomo. Jumapili iliyopita tulimwomba tuuahirishe. Akasema tukiuahirisha atafufuka aje kutugombeza. Jumanne tarehe 11, alfajiri, akatuacha, na inauma, ndugu zangu, inauma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala hapa siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa kilimo, na Jovan, shemeji yangu, uliyembeba mikononi alipokuwa hawezi kutembea.

Sasa sikieni neno la familia. Tukitoka kaburini mtu asishike njia, chakula kipo, viti vipo, na Phiona atasimama hapa hapa chini ya turubai hizi awasomee alichokipata kwenye visima vyenu, nanyi mtamwuliza maswali bila huruma, kama Annet alivyotaka. Miaka yote dada alilalamika kwamba tukiitisha mkutano wa matokeo watu hawaji.

Pumzika kwa amani, Annet. Mkutano umejaa mpaka barabarani.