Hodi Tatu za Bi Ummekulsum

Kwenye kivuko cha Pangani, Ernesti mfuga nyuki aliwasikia wanawake wawili wasiojuana wakibishana. Bi Ummekulsum wa Ngamiani alikuwa na simu mkononi. “Juzi niliingia kundi la WhatsApp la wafuga nyuki, nikapiga hodi mara tatu. Kimya! Nikajitoa. Huingii kwa watu bila kuitikiwa.”

“Mama, kwenye simu unaingia tu, unauliza,” mwenzake akacheka. “Kule hakuna mlango.”

“Penye watu pana mlango.”

Simu ikatetema. Kiongozi kamrudisha kundini, na “karibu” zikamiminika kutoka Lushoto, Muheza, Handeni. Bi Ummekulsum akaziba mdomo kwa mtandio. “Ya Rabbi! Wote hawa walikuwa ndani?”

Ernesti pia alikuwamo. Hodi zote tatu alizisoma siku ile, akadhani wengine wataitikia. Kivuko kikagota ng’ambo, naye hajamaliza kuandika “karibu” yake.