Mikono ya Mwalimu Kailemia

Kwenye benchi la nje ya kibanda cha kahawa cha Kanana, hapa Nchiru, tulikuwa watatu: mimi; Ndwiga, muuza dawa za mifugo tunayemwita Daktari; na Mutwiri wa bodaboda, tuliyempa jina Spika kwa sababu haachi mtu amalize sentensi. Kinya, anayesomea biolojia chuoni, ndiye aliyetuletea habari. Mwalimu Kailemia, aliyeondolewa kuongoza kwaya kwa sababu mikono inatetemeka, ana ugonjwa wa Parkinson. Miaka miwili sisi tulisema ni pombe.

— Si pombe? Spika akauliza.

— Hajawahi kuonja, mzee. Seli za ubongo zinazoongoza mwendo ndizo zinakufa.

Daktari akaweka kikombe chini.

— Zinauliwa na nini?

— Bado wanachunguza. Lakini seli hutumiana vifuko vidogo sana, hata hadubini ya kawaida haivioni. Vingine hubeba protini za kulisha seli, ziishi. Vingine hubeba protini iliyoharibika, na seli jirani ikipokea, nayo inaharibika.

— Kumbe ni kama parseli, Spika akasema. Sasa mimi nilimsalimia kwa mkono Jumapili. Si nimebeba yangu?

— Haiambukizwi kwa mkono, mzee.

— Basi ni dawa ya kupe, Daktari akasema polepole. Alinunua kwangu miaka kumi. Ama ni chaki. Chaki ilipanda kwa pua ikafika kwa ubongo.

— Hizo protini za kulisha si ziuzwe kwa chupa? Spika akauliza. Tumpelekee leo.

— Watafiti wanajaribu kuzifikisha ndani ya ubongo. Bado hazijawa dawa. Ziko dawa za kupunguza kutetemeka, ameanza kumeza.

Mimi nilikumbuka siku Mwalimu alipomwaga chai kwa matanga, nami nikawakonyeza wenzangu kwamba amelewa.

Hapo Cicily, mke wa Mwalimu, akafika kununua maziwa. Tukasimama wote. Spika akampisha aketi, mama akakataa.

— Mama Mukiri, pole, nikasema. Hatukujua.

— Asante. Daktari wa hospitali ametueleza vizuri. Ni jambo moja tu Mwalimu hulala akiuliza.

— Gani, mama?

— Nani alikuwa wa kwanza kusema ni mlevi?

Nilimtazama Daktari. Daktari alimtazama Spika. Spika, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza. Cicily alingoja kidogo, akachukua maziwa yake, akaenda.