Mzee Penseli na Bata wa Mwisho

Alhamisi ile, tarehe 6 Februari 2025, saa tisa alasiri, chumbani walikuwepo mama yetu, shangazi aliyekuwa akimkanda miguu, kaka yangu mkubwa, jirani yetu fundi wa kuchomelea, mimi kitindamimba ninayewasomea wasifu huu, na mwanangu mgongoni, na sisi ndio tuliomwona baba akivuta pumzi ya mwisho.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Penseli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na tarehe 5 Januari 1976 akaanza kujifunza useremala kwa mjomba wake, aliyempiga rula vidoleni kila alipoharibu ubao, na hapo akaapa kwamba akipata wa kumfundisha, atamfundisha bila rula.

Alifunga ndoa na mama tarehe 9 Agosti 1986, akiwa na penseli sikioni, mama akaichomoa kimyakimya akaitia mkobani, na anayo hadi leo. Walijaliwa watoto watatu, dada yetu akatangulia mwaka 2009.

Tarehe 3 Juni 1996 alinunua msumeno wa nakshi, ule wa umeme wenye wembe mwembamba kama uzi, unaokata maua na wanyama kwenye plaiwudi, lakini kilichomjulisha kwa watu ni michoro yake ya karatasi kwa wasiojua kukata, yenye namba ya mahali pa kuanzia, mishale ya kufuata, na alama ya mahali pa kupumzisha mkono. Sheria yake ilikuwa moja, kila umbo la ndani liachiwe daraja, yaani kipande kisichokatwa kinacholishikilia kwenye fremu, la sivyo linadondoka.

Mimi niliishia darasa la saba, na mwaka 2022 nilipojifungua nikarudi nyumbani sina kazi, baba alinikalisha mezani, akawa ananijaribishia kila mchoro mpya, nami nikikosea alichukua kifutio na kufuta mchoro wake, akisema kama umemshinda mama mwenye mtoto mchanga, kosa ni la karatasi.

Tarehe 17 Mei 2023 madaktari walituambia mapafu yake yamejaa vumbi la miaka mingi, na hakuna dawa ila ya kumpunguzia maumivu. Tangu hapo alichorea kitandani, na alichotamani ni kuniona nimekata mchoro mzima peke yangu, ajue karakana imepata mtu.

Tarehe 4 Februari alimchorea mjukuu wake bata ndani ya duara, akipumzika kila baada ya mistari michache. Alhamisi asubuhi niliufuata kila mshale, sikutoka nje ya mstari hata mara moja, na nilipomaliza mstari wa mwisho bata akadondoka sakafuni, mdomo ukavunjika. Nilitazama karatasi, baba hakuwa ameacha daraja, jambo ambalo hakuwahi kulisahau kwa miaka ishirini na minane.

Nilimbandika bata kwa gundi, nikampeleka. Fundi wa kuchomelea alisema bata huyo amenuna kama shangazi akinyimwa chai, shangazi mwenyewe akacheka, baba hakucheka, alipitisha kidole gumba kwenye duara, kikasimama penye gundi, akaomba kifutio. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba mkono wangu ndio ulioteleza. Tukiwa bado tunakitafuta kifutio, akakata roho.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyemwekea fomu zilizotumika ili achore upande wa nyuma, na majirani mliotufulia nguo bila kuombwa, na mafundi wenzake, hasa huyu wa kuchomelea, ambaye kwa miezi mitatu hakuwasha mashine yake mpaka aulize kwanza kama mzee yu macho.

Lala salama baba, huko usikohoe tena.

Jana saa nne asubuhi msumeno ulifunguliwa skrubu ukatolewa mezani, na chumba cha karakana, kilichokuwa cha kupanga, amepewa muuza viatu.