Nathaniel Mihayo, Aliyetufundisha Kushika Kichwa

Honi ya pikipiki ililia usiku wa Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa tano kasoro dakika kumi, barabarani pale Mkolani, ikalia bila kukatika kama imekaliwa na mtu, na mke wa marehemu, Gladness, aliyekuwa chumbani akimnyonyesha mtoto, aliitambua kabla mtu yeyote hajatoka nje, kwa hiyo ndugu waombolezaji mtatuwia radhi kwamba tumeanza na hilo, kuzaliwa kwake kunafuata sasa hivi, ila aliyeandika historia hii ni Gladness mwenyewe, na kila alipoanza na mwaka wa kuzaliwa kalamu ilimgomea mpaka aiandike honi kwanza.

Marehemu Nathaniel Mihayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1995 hapa Kigongo, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Mihayo na Mama Justa, alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 2003 hadi 2009, akaendelea na sekondari wilayani Misungwi hadi kidato cha nne mwaka 2013, na alipomaliza alibeba mizigo ya abiria wa kivuko kwa miaka mitatu, mpaka Januari 2017 alipohamia Mkolani, Mwanza mjini, akaanza kuendesha bodaboda.

Mwezi Juni 2019 mtu aligongwa mbele ya kijiwe chao cha bodaboda, akavuja damu pajani watu wakiwa wamemzunguka, wengine wakipiga picha, wengine wakimnywesha maji, hakuna hata mmoja aliyekandamiza jeraha, na yule mtu akaishia pale pale, jambo ambalo Nathaniel hakulisahau, kwa hiyo mwezi Septemba mwaka huo alikwenda mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku tano kule Pasiansi, akarudi na cheti, jozi mbili za glovu na maneno mengi. Kuanzia hapo chini ya kiti cha pikipiki yake kulikuwa na vipande vya khanga safi na mbao mbili za kufungia mguu uliovunjika, wenzake wakamwita Dokta wa Lami, wakamtania kwamba huyu hata kuku akigongwa atampima mapigo, naye akawajibu, "Kuku simpimi, kuku anakwenda jikoni, nitakayempima ni wewe, na uombe siku hiyo nisiwe na abiria."

Walicheka, lakini walijifunza, kwa sababu kila Jumapili baada ya ibada alitandika mkeka pale kijiweni akawaonyesha, kwanza angalia gari lingine lisije likawagonga na nyinyi, halafu angalia kama anapumua, damu kandamiza na usiachie kuchungulia, maji usimpe, na kama ameangushwa vibaya usimwinue kwa mikono na miguu kama gunia, mtu mmoja ashike kichwa pande zote mbili kisitikisike, wengine wamgeuze kwa pamoja, na anayehesabu ni huyo aliyeshika kichwa, hata kama ndiye mdogo kuliko wote, hapo hakuna mkubwa.

Alifunga ndoa na Gladness tarehe 17 Desemba 2022 kanisani Mkolani, yeye akiwa na miaka ishirini na saba, Gladness ishirini, na mke huyu ndiye aliyekuwa mgonjwa wake wa mfano, alilala kwenye ule mkeka Jumapili nyingi akifungwa mbao na kugeuzwa, bodaboda wakimuuliza shemeji leo umevunjika wapi, kwa hiyo somo lote alilijua, ila alilijua akiwa chini, hajawahi hata siku moja kuwa yeye anayeshika kichwa cha mtu. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Precious, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2025, ambaye alikuwa abatizwe Jumapili ya tarehe 10 Agosti, ndiyo maana usiku ule nyumba ilijaa wakubwa wa familia waliotoka Kigongo, na ndiyo maana marehemu alichelewa, alikuwa amefuata kreti ya soda.

Lori lililomgonga halikusimama. Gladness alifika na mtoto mgongoni, miguu mitupu, akakanyaga chupa za soda bila kuhisi, akamkuta mumewe chali pembeni mwa lami, macho wazi, kiatu kimoja kimetoka na vidole vya mguu ule vinajikunja na kujikunjua, aliviona kwa macho yake, na marehemu akamwambia taratibu, kwa sauti yake ya kijiweni, "Gladi, shika kichwa." Akapiga magoti, akashika pande zote mbili karibu na masikio kama alivyoshikwa yeye mara nyingi, akakishikilia, na watu walikuwa wanajaa, na mmoja wa wakubwa wetu akasema, "Mama Precious, toka hapo, waache wanaume wabebe."

Akatoa mikono.

Gladness anaomba lisomwe hivyo hivyo bila kulainishwa, alijua na akatoa mikono, kwa sababu aliyesema ni mtu ambaye yeye humwamkia kwa kupiga magoti, na tangu aolewe hajawahi kumjibu hapana. Wakamwinua mikono na miguu, wakamnywesha maji, wakamlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia, na mpaka wanafika hospitali vidole vya mguu vilikuwa vimetulia.

Madaktari walikuta mfupa wa shingo umevunjika, na Gladness alipouliza kama ni lile lori au ni ule mnyanyuo, daktari alimjibu kwa upole kwamba hilo hakuna anayeweza kulijua, na jibu hilo ndilo analolala nalo, maana nyumba tangu siku ile imejaa watu wanaopika na kuimba, lakini hakuna aliyekaa upande wake wa kitanda, na mtoto akilia usiku ni wao wawili tu wanaosikilizana.

Marehemu aliishi siku tisa akiwa na akili zake timamu, akamtania mkewe, "Umelala kwenye mkeka wangu miaka mitatu, acha na mimi nilale kidogo," na Gladness alipoanza kuomba msamaha alimkatiza, akampa mambo mawili, la kwanza awaambie watu namna alivyobebwa, wasibebe mwingine hivyo, na hilo limetimizwa leo mbele yenu, na la pili tutalisoma mwisho. Kifua kilimzidi, akafariki Jumatatu tarehe 18 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka thelathini, ameacha mke, mtoto mmoja, wazazi wote wawili na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kila baada ya saa mbili usiku na mchana, majirani wa Mkolani, dereva wa pikapu aliyeamka kitandani akatoa gari lake bila kuulizwa, asijilaumu, na bodaboda wa kijiwe chake waliousindikiza mwili kutoka mjini hadi hapa taa zikiwaka, shemeji yenu anasema mkeka upo, njooni muuchukue, Jumapili isipite.

Sasa lile la pili. Marehemu aliitambua sauti iliyosema toka hapo, hata pale lami aliitambua, akamwambia mkewe kwamba sauti ile ilikuwa na hofu ya kumpoteza, haikuwa na ubaya, na kwamba walioitambua ni wao wawili, basi iishie kwao. Gladness alimwahidi akiwa amemshika mkono usiohisi kushikwa. Mwenye sauti hiyo, kama upo hapa, usiogope kumsogelea Gladness, njoo umpakate mtoto wa mwanao huyu wa ukoo, atakuamkia kama siku zote. Lala salama, Baba Precious. Jina la mwenye sauti ile, Gladness hatamwambia mtu mwingine.