Kigoda cha Mama Vumilia Mbele ya Greda

Marehemu Zipora Nkwabi, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vumilia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 nje kidogo ya Masumbwe, mtoto wa nne wa Mzee Nkwabi, mkulima wa pamba na mfugaji. Tarehe hiyo imetoka kwenye cheti cha ubatizo. Mwenyewe alisema alizaliwa wakati wa kuvuna pamba, na hakuna aliyewahi kumsahihisha akasikilizwa.

Alisoma hapo hapo Masumbwe hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1973. Kuhusu masomo yake familia haina mengi ya kusema, ila alipenda hesabu na hakupenda kusimama.

Tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa na marehemu Kalisti Januari. Siku ng'ombe wa mahari walipoletwa, Zipora aliburuta kigoda chake cha mninga akakaa katikati ya mlango wa zizi, ng'ombe wasipite. Wazee walimbembeleza mpaka jua likazama. Je, alikuwa anakataa kuolewa, au alikuwa anamchezea tu mchumba wake? Mzee Kalisti alimuuliza swali hilo mpaka alipofariki mwaka 2009, na jibu lilikuwa lile lile: "Nilikaa."

Mwaka 1988 alimfuata mumewe Katoro, mume akitafuta dhahabu, yeye akitafuta cha kuwalisha watoto. Dhahabu haikuonekana. Genge la Mama Vumilia likaonekana, kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba hii: michembe ya viazi vitamu, karanga, dagaa, nyanya. Akina mama wengine walipanga magenge yao kando ya lake, na wengi wa waliopo hapa leo wamesomeshwa na uwanja huo.

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025, greda lilifika uwanjani. Mtaa uliambiwa kwamba linajengwa duka kubwa la ghorofa mbili, na kwamba magenge yatatafutiwa sehemu nyingine, ambayo mpaka leo hakuna aliyeonyeshwa. Mzee Sostenes, mwenyekiti wetu, akaitisha kikao. Watu walisema sana.  Kesho yake alfajiri marehemu alichukua kigoda chake, akaketi mbele ya greda, akaanza kuchambua karanga.

Msimamizi wa kazi alikuwa Adam, kijana wa Kisarawe, Mzaramo. Ninyi mnajua Wasukuma na Wazaramo ni watani. Alishuka akasalimia, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, kisha akasema, "Bibi wa michembe, pisha nifanye kazi." Marehemu akamjibu, "Marahaba. Mzaramo na kazi wapi na wapi? Rudi kwenu ukacheze mdundiko." Adam alicheka mpaka akakaa chini. Akazima greda, akamnunulia soda.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Mtaa ulimwona mama akizuia greda, ukasema tumepata kiongozi, na akina mama wakaja na vigoda vyao. Adam yeye aliwaambia wakubwa zake kwamba ni mtani wake tu, atachoka. Hakuchoka. Kila asubuhi alikuwa pale, anatukanana na Adam kwa raha zake, na greda limezimwa. Lakini huyo huyo alimuuliza Adam kama duka litakuwa na jokofu la samaki, na kama mtu mzima ataruhusiwa kupumzika humo ndani. Vumilia, mwanawe wa kwanza, anayewasomea wasifu huu, alimuuliza waziwazi: "Mama, unapinga au unatania?" Akasema, "Nimekaa." Vumilia alikasirika, na hasira hiyo bado anayo.

Novemba presha ilimpanda, kisha figo zikasumbua. Alilazwa hospitalini Geita mwezi Januari mwaka huu. Kigoda kilibaki uwanjani, na hakuna aliyethubutu kukiondoa, hata Adam. Adam alikwenda kumwona, akambebea michembe. Marehemu alimuuliza jambo moja tu: "Kigoda changu kiko wapi?" Adam akasema, "Kiko pale pale, mayu." Marehemu akafumba macho akalala. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Februari 2026, saa kumi alasiri.

Siku ya pili yake Mzee Sostenes alipata taarifa kwamba Jumatatu hii, yaani keshokutwa, kazi inaanza upya, na magenge yaondolewe. Aliyeamriwa kuwasha greda ni Adam.

Jana kaburi lilipokwisha kuchimbwa, hapa nyuma ya nyumba, pembeni ya Mzee Kalisti, Adam alikuja na kile kigoda. Akashuka nacho kaburini, akakaa. Watani hufanya hivyo msibani, kwa hiyo watu walicheka, wakamwita atoke, wakamwahidi jogoo. Hakutoka. Kisha tukaona machozi yanamtoka, na kicheko kikaisha. Vumilia alisimama ukingoni akamuuliza, "Adam, Jumatatu utaliwasha?"

Adam alimtazama. Akasema, "Nimekaa."

Hadi karatasi hii inapelekwa kuchapwa jana jioni, alikuwa bado yuko mle. Familia haijui maana yake. Akina mama wa magenge wamesema hawahitaji kuelezwa. Jumatatu watakuja na vigoda vyao.

Marehemu ameacha watoto watatu, Vumilia, Fredy na Loveness, wajukuu tisa, dada yake Juliana, magenge yote ya uwanjani, na mtani mmoja.

Mama Vumilia, umekaa vya kutosha. Sasa lala, upumzike kwa amani.