Ombeni Mshana na Msimu Wake Mmoja wa Uholanzi

Wapendwa waombolezaji, ndugu, jamaa na marafiki mliotoka Alexandria, Sterling na kila pembe ya eneo hili, familia inawaomba mtulie kidogo ili tuwasimulie maisha ya ndugu yetu Ombeni Cosmas Mshana.

Ombeni alizaliwa tarehe 14 Mei 1976 katika kijiji cha Gonja, wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Cosmas Mshana na Mama Adela, ambaye yupo hapa mbele yetu pamoja na Violet, dada pekee wa marehemu. Alianza shule ya msingi Gonja mwaka 1984, naye alikuwa darasa la nne, Agosti 1987, msiba ulipoingia nyumbani kwao. Siku hiyo wanaume wa kijiji walikuwa wakizibua ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, na Mzee Cosmas, mtu mwenye nguvu zake, wala hajafika miaka arobaini, aliinua jembe, akaanguka, asiamke tena. Kwa kuwa wiki moja kabla alikuwa amegombana na mdogo wake, Method, juu ya zamu ya maji, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na maelezo mengine, kijiji kilijipa maelezo yake, kwamba Method amemroga kaka yake. Method aliapa, akalia, hakuna aliyemsikiliza, na kabla mahindi hayajavunwa alifunga mizigo akahamia Mvomero, mkoani Morogoro, na jina lake halikutajwa tena katika nyumba ile.

Ombeni alikua bila baba na bila baba mdogo, akimpita kila mtu kwa urefu, mpaka Mama Adela akawa anamshonea suruali kwa vitambaa vya rangi mbili. Alisoma sekondari Same, kisha akaenda Dar es Salaam alikojifunza mpira wa kikapu, na mwaka 1997, kwa msaada wa dada yake Violet, ambaye tayari alikuwa muuguzi hapa jirani, Alexandria, alipata nafasi ya kusoma na kucheza katika chuo kimoja hapa Maryland, akahitimu Mei 2001.

Majira ya joto ya mwaka huo klabu moja ya ligi ya kulipwa ya Uholanzi, ya mji mdogo wa bandari kaskazini mwa nchi, ilimwita kucheza nafasi ya senta. Kikwazo kilikuwa Mama, kwani mechi nyingi zilikuwa Jumamosi, na Mama Adela ni Msabato wa kweli. Alipigiwa kwa simu ya mchungaji, akasikiliza habari yote, kisha akauliza swali moja tu.

“Huko jua linazama saa ngapi?”

Ombeni alikuwa ameshaulizia, akamjibu kwamba wakati wa baridi linazama saa kumi na moja jioni, na mechi zinaanza saa mbili usiku.

“Basi Sabato itakuwa imekwisha,” alisema Mama. “Cheza.”

Aliondoka uwanja wa ndege wa Dulles tarehe 20 Agosti 2001. Msimu ulianza vibaya, timu ilifungwa mechi baada ya mechi, na Ombeni alikuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli dhidi ya upepo wa baharini, magoti yakigonga usukani, watoto wa mtaa wakimpungia mikono. Ilipofika Desemba wachezaji walizoeana, wakaanza kushinda, ukumbi ukaanza kujaa, na wazee waliokuja na ngoma zao walijifunza kuliimba jina lake, ingawa walilitamka kwa namna iliyomfanya yeye mwenyewe acheke akiwa uwanjani. Alimwambia Violet kwenye simu kwamba hajawahi kuwa na furaha kama ile, na kwamba klabu inataka kumwongezea mwaka mwingine.

Tarehe 12 Februari 2002, wakiwa mazoezini, macho yaliingia giza, akapiga goti. Aliwaambia wenzake kwamba hakunywa chai asubuhi, akasimama, akataka kuendelea, lakini daktari wa timu, mzee mpole aitwaye Bosma, alimshika mkono akamwambia avae koti waende hospitali pamoja. Majibu yalipotoka, daktari alimkalisha chini akamwonyesha picha ya moyo wake, wenye misuli iliyonenepa kupita kiasi, moyo unaoweza kukosea mapigo na kusimama wakati wowote mtu anapojitumikisha.

“Katika familia yenu,” aliuliza Daktari Bosma, “kuna aliyekufa ghafla akiwa bado kijana?”

“Baba.”

“Alikuwa anafanya nini?”

“Alikuwa anachimba. Aliinua jembe akaanguka.” Kisha Ombeni akaongeza, “Sisi tuliambiwa alirogwa.”

Daktari hakucheka. Alisema ugonjwa huu hurithiwa, baba humpa mwana, na kwa maelezo hayo haoni sababu ya kutafuta kingine kilichomuua Mzee Cosmas. Ombeni alimsimulia mkewe baadaye kwamba alikuwa ameambiwa hatacheza tena maishani, jambo ambalo lingepaswa kumvunja, lakini aliyekuwa akimfikiria wakati ule ni baba yake mdogo tu, aliyempeleka shule siku ya kwanza akiwa amembeba mabegani.

Jioni hiyohiyo alipiga simu Gonja.

“Mama, baba hakurogwa.”



“Sema tena,” alisema Mama Adela, naye akasema tena, akaeleza yote aliyoelezwa.

“Basi Method tumemwonea,” alisema Mama, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Klabu haikumfukuza. Kocha alimwambia akae benchi pembeni yake hadi mwisho wa msimu, na akakaa, amevaa suti iliyokuwa fupi mikononi, akiwapigia wenzake makofi. Majira ya kuchipua jua lilianza kuchelewa kuzama, mechi za Jumamosi zikaingia ndani ya Sabato, lakini wakati huo hakuruhusiwa tena kugusa mpira, na Mama mpaka leo anasema Mungu aliijua kalenda. Timu ilifika nusu fainali, ikatolewa kwa pointi mbili katika mechi ya mwisho, na mchezaji aliyekosa mtupo wa mwisho alikuja kukaa karibu na Ombeni, kichwa ndani ya taulo. Ombeni alimpigapiga mgongo akamwambia, “Ndugu yangu, wote wawili tutatoka humu tukitembea kwa miguu yetu,” na yule kijana alipokumbuka anayeongea naye ni nani, aliacha kulia.

Mwezi Julai 2002 Mama Adela alipanda basi kwenda Mvomero pamoja na mchungaji na wazee wawili wa ukoo. Alimkuta Method shambani, mvi zimemjaa, akapiga magoti palepale kwenye matuta na kumwambia alichokuja kusema. Method alimwinua.

“Shemeji,” alisema, “tangu siku ile chakula hakijanishuka vizuri. Njoo ndani, tule.”

Method alirudi Gonja kabla ya mwaka kwisha, akapewa shamba lake, na Desemba 2004 Ombeni alipokwenda kumwona, watu wa kijiji walitoka nje kumtazama yule bwana mrefu amemwinamia mzee mfupi.

Ombeni alirejea hapa Juni 2002, akaishi kwa dada yake Alexandria, na mwezi Novemba akawekewa chini ya ngozi ya kifua kifaa kidogo cha kuushtua moyo unapopotea. Aliajiriwa Sterling kama fundi wa mitambo ya kupoza kompyuta, kazi aliyoifanya hadi mwaka jana, na siku za Jumapili aliwafundisha watoto mpira wa kikapu akiwa ameketi kwenye kiti.

Katika kanisa hili la Takoma Park alikutana na Makena, binti wa Meru nchini Kenya, anayetunza wazee majumbani mwao. Kabla ya kumposa alimweleza habari ya moyo wake, asifiche kitu.

“Afadhali wewe umeniambia,” Makena alimjibu. “Hao wazee wangu wote, hakuna hata mmoja aliyenionya kabla ya kuondoka.”

Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 2003, wakajaliwa watoto wawili, Cosmas, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2004, na Kendi, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 2006, na Mama Adela akaja kuwalea. Januari 2007 kifaa kile kilimshtua mara moja, akiwa kituo cha treni cha Takoma, akaanguka, akainuka, akawaomba radhi abiria kwa kuwasumbua.

Tangu mwaka jana moyo ulianza kuchoka, miguu ikavimba, ngazi zikawa mlima. Hofu yake haikuwa kifo, bali wale wawili, kwani kila Kendi alipokimbia sebuleni yeye alishika kiti. Watoto walipimwa ugonjwa huo Septemba, na Ijumaa ya tarehe 2 Oktoba 2009 daktari aliwatokea yeye na Makena kwenye korido ya hospitali.

“Hawana,” alisema.

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

Ombeni aliteleza ukutani, akakaa sakafuni, miguu yake mirefu ikaziba njia, akacheka mpaka wauguzi wakatoka kutazama. Makena anasema tangu siku ile alilala usingizi wa mtoto, na kwamba yeye mwenyewe, hata katika uchungu huu, anaposikia watoto wakikimbia, anawaacha wakimbie.

Ombeni alifariki Jumapili tarehe 18 Oktoba 2009, mchana, nyumbani kwake hapa Takoma Park, ameketi dirishani baada ya kula makande ya mama yake, bila kelele wala maumivu. Ameacha mama, dada, mjane na watoto wawili. Mwili utasafirishwa Jumanne kwenda Gonja, na Mzee Method ndiye atakayeupokea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka saba, majirani walioleta chakula na kuwachukua watoto shuleni, wafanyakazi wenzake wa Sterling, wanakwaya, na Watanzania na Wakenya mliokesha nasi. Tunamshukuru pia Daktari Bosma, aliyepiga simu juzi kutoka Uholanzi na kukaa muda mrefu akimsikiliza Mama Adela, ambaye hakuelewa lugha yake, naye hakuelewa ya Mama, na hakuna aliyetaka kukata simu.

Ombeni, hofu yako imekwisha. Lala kwa amani, mwanetu.